Mtoto akikaa kitako mwezi wa nane, usikimbilie kukandwa tumbo

Ujumbe wa wiki hii umetoka kwa msomaji wa Tanga, mwenye ujauzito wa wiki 34, mimba yake ya kwanza. Anaandika: "Shikamoo dokta. Nimepigwa utrasaundi nikaambiwa mtoto amekaa vibaya, ametanguliza makalio. Mama mkwe anataka nikakandwe tumbo na bibi mmoja hapa mtaani. Mume wangu anasema tusubiri. Mimi sipati usingizi. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokukosesha usingizi. Hujakosea popote. Mtoto hakukaa hivyo kwa sababu ulilalia upande fulani, wala kwa sababu ulikaa mlangoni, ulivaa kanga shingoni au ulikwaruzana na mumeo. Hayo yote nimeyasikia kliniki, na mara nyingi anayeyasema si mjamzito mwenyewe bali ni mtu aliyemsindikiza.

Hata hilo neno "vibaya" silipendi. Mtoto huyo amekaa kitako, kama wewe unavyokaa kwenye kigoda: kichwa kiko juu karibu na mbavu za mama, makalio yako chini kwenye nyonga. Wazee wetu waliwajua watoto hawa muda mrefu kabla ya utrasaundi. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi yapo majina, Kashindye na Kasinde, ambayo hupewa mtoto aliyekuja duniani kwa kutanguliza miguu. Wenye majina hayo tunao mitaani, wazima, wanalima, wanafundisha, wanaendesha mabasi. Lakini jina hupewa aliyezaliwa akaishi. Wale ambao hawakuishi hawakutuachia jina la kuwahesabu, na kwa sababu yao sitakwambia kwamba jambo hili ni la kupuuza.

Hesabu yake iko hivi. Mimba ikiwa na wiki 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa amekaa kitako, na wala hatushtuki. Bado ana nafasi, anaogelea, asubuhi kichwa kiko juu, jioni kiko chini. Anapokua nafasi inabana. Mfuko wa uzazi una umbo kama parachichi lililogeuzwa, sehemu pana ikiwa juu, kwa hiyo watoto wengi huishia kupeleka makalio na miguu kule kwenye upana na kichwa kushuka chini. Mimba ikitimiza miezi yake, waliobaki wamekaa kitako ni 3 hadi 4 tu kati ya 100. Kwa hiyo wewe wa wiki 34 bado una nafasi nzuri ya mtoto kugeuka mwenyewe. Baada ya wiki 36 nafasi hiyo hupungua sana, hasa kwa mimba ya kwanza: kati ya akina mama 100 wa namna yako, watoto kama 8 ndio hugeuka wenyewe baada ya hapo.

Wakati mwingine ipo sababu. Mapacha, maji ya uzazi kuwa mengi mno au machache mno, kondo la nyuma kujishikiza chini karibu na mlango wa kizazi, uvimbe wa fibroidi, mfuko wa uzazi wenye umbo lisilo la kawaida tangu mama alipozaliwa, misuli ya tumbo iliyolegea kwa aliyezaa mara nyingi, na mara chache mtoto mwenyewe kuwa na tatizo la kimaumbile. Mara nyingi zaidi tunatafuta sababu na hatuioni.

Sasa jambo lililonisukuma kulipa swali hili nafasi yote ya leo. Wewe una bahati, unajua mtoto wako amekaaje. Akina mama wengi wanafika chumba cha kujifungulia, njia imeshafunguka, na ndipo mkunga anapoingiza vidole akitegemea kukuta kichwa kigumu anakutana na kitu laini. Saa nane za usiku, mtaalamu wa upasuaji yuko kilomita 60, na kadi ya kliniki imejaa: uzito, presha, wingi wa damu, majibu ya kaswende na VVU, tarehe za vidonge vya kuongeza damu. Pale pa kuandika mtoto ametanguliza nini, ama pametupwa alama ya haraka ama pako wazi.

Ninamwomba kila mjamzito anayesoma hapa, mimba ikifika wiki 36, amuulize mhudumu swali moja: "Kichwa kiko wapi?" Si ukorofi, ni haki yako. Mhudumu apapase tumbo kwa mikono miwili, bila haraka, juu kisha chini. Mwenyewe pia unaweza kuhisi dalili: kitu kigumu cha mviringo chini ya mbavu kinachokubana ukikaa, huku mateke unayapata chini kwenye kibofu, au mkunga akisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto anayapata vizuri zaidi juu ya kitovu chako kuliko chini yake. Hizo ni dalili, hazitoshi kuwa uthibitisho. Hata mikono yenye uzoefu hukosea. Utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kwa kupapasa tumbo, wahudumu waliwatambua kama 7 tu kati ya kila watoto 10 ambao hawakuwa wametanguliza kichwa. Watatu waliobaki walikutwa kwa utrasaundi. Kwa hiyo kukiwa na shaka kidogo tu, uombe utrasaundi wa mwishoni mwa mimba. Wengi wenu mnapiga utrasaundi wa mwezi wa nne au wa tano ili kujua jinsia, mkirudi nyumbani picha inaoneshwa kwa majirani, basi. Ule wa mapema una umuhimu wake, lakini habari yake kuhusu mlalo wa mtoto haitakusaidia lolote mwezi wa tisa.

Na ukipigwa utrasaundi huo, usitoke na neno "kitako" peke yake. Uliza amekaa kitako kwa namna gani. Wengi wamekunjika katikati, miguu imenyooka hadi usoni kama mtu anayetaka kugusa vidole vyake. Wengine wamekunja magoti kama waliochuchumaa. Wachache wametanguliza mguu mmoja au yote miwili. Tofauti hiyo ina uzito, nitaieleza mbele. Uliza pia kondo liko wapi, maji yanatosha, mtoto anakadiriwa uzito gani, na kichwa chake kimeinama kifuani au kimetazama juu.

Tumrudie bibi wa mtaani.

Namheshimu. Huenda ndiye aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa wenu, na anapokukanda kwa mafuta ya nazi mgongoni na miguuni mwezi wa tisa, hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni pale anapoweka viganja tumboni na kumsukuma mtoto. Yeye haoni kondo la nyuma limejishikiza wapi. Likibanduka kabla ya wakati, damu inaweza kumwagika ndani ya mfuko wa uzazi bila tone kutoka nje, mama akadhani ni maumivu ya kukandwa tu, na mtoto akakosa hewa ndani ya dakika chache. Chupa inaweza kupasuka. Kama mama aliwahi kupasuliwa, kovu la zamani linaweza kuachia. Na bibi hana namna ya kusikia kwamba mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka, kwa hiyo hajui wakati wa kuacha.

Msomaji makini ataniuliza: mbona ninyi madaktari mnamgeuza kwa mikono hiyo hiyo?

Ni kweli, tunamgeuza, na mikono yetu si mitakatifu kuliko ya bibi. Tofauti iko katika vitu vinavyoizunguka hiyo mikono. Kwanza tunasubiri hadi wiki 36 kwa mimba ya kwanza, na wiki 37 kwa aliyewahi kuzaa, kwa sababu kabla ya hapo wengi hugeuka wenyewe, na kama jambo litaharibika mtoto awe ameshakomaa. Tunapiga utrasaundi. Kama kondo limeziba njia, kama mama ametokwa na damu karibuni, kama ni mapacha, kama chupa imeshapasuka, au kama moyo wa mtoto hauendi vizuri, hatumgusi. Tunasikiliza mapigo kwa muda kabla ya kuanza. Mara nyingi tunampa mama dawa ya kulegeza misuli ya mfuko wa uzazi, ambayo inaweza kuufanya moyo wake umwende mbio kwa muda mfupi. Chumba cha upasuaji kiko hatua chache, na watu wake wanajua tunafanya nini.

Kisha daktari anayanyua makalio ya mtoto kutoka kwenye nyonga na kumwongoza apige kama sarakasi ya taratibu, kichwa kikishuka upande mmoja. Ni dakika chache. Sitakudanganya kwamba hakuna maumivu. Kuna kubanwa kusikopendeza, na wapo wanaoumia kweli. Ukisema "acha," tunaacha. Mapigo yakishuka, tunaacha. Isipowezekana baada ya kujaribu mara mbili tatu, tunaacha. Tukimaliza tunasikiliza tena moyo wa mtoto, na mwenye kundi la damu lenye alama hasi anachomwa sindano ya anti-D ili mwili wake usijenge kinga dhidi ya damu ya mtoto.

Mafanikio yake ni karibu nusu kwa nusu. Kwa mimba ya kwanza ni chini kidogo ya nusu, kwa aliyezaa ni zaidi. Wanaogeuka kisha wakarudi walikotoka ni chini ya 5 kati ya 100. Mama mmoja kati ya 200 hivi hulazimika kupasuliwa kwa dharura baada ya jaribio, na ndiyo maana hatulifanyi sebuleni kwa mtu.

Hapa nina neno kwa wenzangu wa koti jeupe, maana najua baadhi yenu mnasoma safu hii mkinywa chai. Katika hospitali zetu nyingi huduma hii haitolewi kabisa. Mama anaambiwa amekaa kitako, anapewa tarehe ya upasuaji, mazungumzo yamekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna jambo jingine la kujaribu kwanza. Sababu ninazijua: foleni ni ndefu, kumgeuza mtoto kunakula nusu ya asubuhi wakati upasuaji ni chini ya saa moja, na vijana wengi wamemaliza mafunzo bila kuona mtoto akigeuzwa. Lakini fikirieni mama wa miaka 22 anayetaka kuzaa watoto wanne. Kovu mnalomwekea leo litakuwepo katika kila mimba inayokuja. Kondo la mimba ijayo linaweza kujishikiza juu ya kovu na kukataa kutoka, kovu lenyewe linaweza kuachia wakati wa uchungu, na kila upasuaji unaofuata ni mgumu kuliko uliotangulia. Tena mama huyo anaweza kuhamia kwa mumewe kijijini, chumba cha upasuaji kikawa saa tatu za barabara ya vumbi. Kuwageuza watoto wa nusu ya akina mama hawa kabla ya kushika kisu si anasa ya nchi tajiri. Kwetu sisi ambao kovu linasafiri mbali na hospitali, hoja ni nzito zaidi. Hospitali ya rufaa ya mkoa yenye utrasaundi, kifaa cha kusikiliza mapigo na chumba cha upasuaji inaweza kutenga asubuhi moja kwa wiki kwa kazi hii.

Mbinu nyingine nitazipitia haraka. Kupiga magoti na kuinua makalio, kulala umeinua nyonga kwa mito, kuweka simu yenye muziki chini ya tumbo, kummulika mtoto kwa tochi: tafiti za mazoezi ya mkao hazijaonyesha kwamba yanamgeuza mtoto, na muziki na tochi ni hadithi tu. Ukitaka kupiga magoti dakika kumi jioni na hutokwi na damu wala huna presha ya mimba, piga, haina hasara. Kusimama kichwa chini miguu juu ukutani, kama nilivyomwona mmoja akielekezwa na video, hapana.

Sasa tuseme wiki 37 zimepita na mtoto bado amekaa kitako. Kuna njia mbili, kupasuliwa au kuzaa kwa njia ya kawaida, na kila moja ina historia yake.

Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dk Mary Hannah wa Canada, uliowahusisha wanawake zaidi ya 2,000 katika nchi 26. Watoto waliokufa au kuumia vibaya walikuwa 16 kati ya kila 1,000 kwa waliopangiwa upasuaji, na 50 kati ya kila 1,000 kwa waliopangiwa kuzaa kawaida. Nchi nyingi zilibadilika kwa haraka ya ajabu. Uholanzi, kwa mfano, waliopasuliwa kwa sababu hii walipanda kutoka nusu hadi 8 kati ya 10 ndani ya miezi miwili tu. Baadaye mambo yakaonekana si mepesi hivyo. Watoto wa utafiti uleule walipofuatiliwa hadi miaka miwili, vifo na matatizo ya ukuaji wa akili havikutofautiana kati ya makundi mawili. Mwaka 2006 Wafaransa na Wabelgiji wakaonyesha kwamba pale akina mama wanapochaguliwa kwa uangalifu na kuzalishwa na mikono iliyozoea, hakuna tofauti kubwa. Mwongozo wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza wa mwaka 2017 unataja vifo vya watoto takriban 0.5 kwa kila 1,000 kwa upasuaji uliopangwa, 2 kwa kila 1,000 kwa kuzaa kitako kwa njia ya kawaida, na 1 kwa kila 1,000 kwa mtoto aliyetanguliza kichwa. Hizo ni takwimu za kwao, kwenye vifaa na wataalamu saa 24. Usizichukue kama ahadi kwa hospitali yako ya wilaya.

Ugumu wenyewe ni huu. Kwa mtoto aliyetanguliza kichwa, kilicho kikubwa kimetangulia. Kikipita, mwili unafuata. Kwa aliyekaa kitako, mwili unapita kwanza na kichwa kinabaki nyuma, huku kitovu kimebanwa kwenye nyonga. Dakika ni chache. Na mtu mwenye hofu hufanya kile mwili wake unachomwambia: anavuta. Akivuta, mikono ya mtoto inapanda juu pembeni ya kichwa na kidevu kinanyanyuka, na kichwa kilichokuwa kinapita sasa kinakwama. Ndiyo maana wakunga wazuri niliofanya nao kazi, walipompata mama wa namna hii njia ikiwa imeshafunguka yote, walikuwa wanakaa mikono mapajani wakimwacha mama asukume, hadi mtoto atoke kufikia kitovu, na baada ya hapo kila mshiko una mahali pake na mpangilio wake.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mama wa mimba ya kwanza ambaye mtoto hakugeuka, au mtoto mkubwa, au aliyetanguliza miguu, au kichwa kimetazama juu, au anayejifungulia mahali ambapo hakuna mtaalamu aliyezoea: apasuliwe, kwa mpango, katika wiki ya 39, si mapema zaidi bila sababu, kwa sababu mapafu ya mtoto yanazihitaji siku hizo. Mama aliyekwishazaa watoto wawili watatu wa kilo tatu na nusu bila shida, mtoto huyu ni wa kilo tatu, amekunjika na miguu juu, hospitali ina daktari na mkunga wanaoijua kazi na chumba cha upasuaji kiko wazi: huyo aambiwe yote na achague mwenyewe. Na upasuaji uliopangwa uanze kwa utrasaundi asubuhi ileile. Wapo watoto waliogeuka usiku wa kuamkia kisu.

Ila kuzalisha mtoto aliyekaa kitako ni ujuzi usioruhusiwa kufa, hata tukiwapasua wote tunaowajua. Wale tusiowajua wataendelea kufika zahanati wakiwa wanasukuma. Nimekutana na wauguzi vijana wenye miaka minne kazini ambao hawajawahi kushika hata mwanasesere wa mafunzo kwa mazoezi ya namna hii. Mwanasesere na nyonga ya plastiki havihitaji umeme. Mazoezi ya nusu saa kila mwezi kabla ya zamu kubadilishana yanatosha kuwafanya mikono isitetemeke.

Kwa akina baba na mama wakwe: upasuaji si uvivu wa kusukuma. Nimechoka kusikia hilo wodini. Mwanamke anafumuliwa tabaka kwa tabaka ili mtoto wenu apite, kisha anaamka siku inayofuata kunyonyesha akiwa na nyuzi. Mchango wenu ni nauli, watu wawili wa kutoa damu wenye kundi linalolingana, na mtu wa kubaki na watoto nyumbani. Sera inasema huduma ya mjamzito ni bure, lakini kila mtu anajua kuna glovu, kuna uzi, kuna chakula na usafiri wa usiku. Vianze kuwekwa akiba sasa, si siku chupa ikipasuka.

Na chupa ikipasuka, sikilizeni vizuri. Kwa mtoto aliyekaa kitako, hasa aliyetanguliza miguu, hakuna kichwa cha kuziba njia, kwa hiyo kitovu kinaweza kuteremka mbele yake na kubanwa. Kwa hiyo mama huyu hasubiri uchungu ukolee, haogi kwanza, hamalizi kupika. Anaondoka palepale maji yanapotoka. Akihisi au akiona kitu kama kamba laini ukeni, apige magoti, aweke kifua kitandani au kwenye kiti cha gari, makalio juu, na abaki hivyohivyo hadi hospitali. Msikirudishe kitovu ndani kwa vidole na msikivute. Pigeni simu kwa hospitali waandae chumba. Kwa Tanzania mfumo wa m-mama unapatikana kwa namba 115 bila malipo, na dereva anaweza kutumwa kukufuata. Bodaboda ni ya mwisho kabisa, maana huwezi kupiga magoti juu ya bodaboda.

Ikitokea mtoto anatoka njiani kabisa, aliye karibu asimvute. Mama akae ukingoni au apige magoti na mikono chini, asukume, na mtoto apokelewe kwa kitambaa kikavu. Ukimwona ametoa kinyesi cheusi wakati makalio yanapita usiogope zaidi ya ulivyoogopa tayari. Tumbo lake limebanwa, hutokea sana.

Kwa wewe wa Tanga, mpango wako ni huu: rudi kliniki wiki ya 36, utrasaundi urudiwe, na kama bado amekaa kitako omba rufaa kwenda kwa daktari wa uzazi, umuulize waziwazi kama wanageuza watoto pale au wanajua wanaogeuza. Mama mkwe mpeleke pamoja nawe. Wakwe wengi wakimwona mtoto kwenye kioo cha utrasaundi, kichwa kile pale juu na kondo lile pale, hamu ya kukanda huisha bila mabishano.

Kuna jambo la baadaye linalosahaulika, kwa sababu mtoto ameshazaliwa na kila mtu amefurahi. Watoto waliokaa kitako hadi mwisho wa mimba, wawe wamezaliwa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na nyonga isiyokaa vizuri kwenye kikombe chake. Wasichana zaidi. Ikigunduliwa mapema inatibiwa kwa mikanda maalumu bila kisu. Ikigunduliwa mtoto ameshaanza kutembea akichechemea, kazi ni kubwa. Nyonga zikaguliwe kabla hamjaruhusiwa kurudi nyumbani, zikaguliwe tena kliniki ya wiki ya 6, na kama utrasaundi wa nyonga unapatikana, afanyiwe. Usimfunge miguu iliyonyooshwa na kubanwa pamoja kama mkate. Mbebe mgongoni kwa kanga kama ulivyobebwa wewe, magoti yamepanuka kukukumbatia. Mkao huo ni mzuri kwa nyonga, na watafiti wanauhusisha na uchache wa tatizo hili katika jamii za Afrika zinazobeba watoto hivyo.

Mwambie mhudumu wa kliniki ya watoto kwa mdomo wako kwamba huyu alikuwa amekaa kitako, maana kadi mpya ya mtoto huenda haina habari hiyo. Na ukipata mimba nyingine, miaka miwili au zaidi baada ya hii, liseme tena siku ya kwanza ya kliniki, kwa kuwa takriban mama mmoja kati ya kumi hurudia.